Eddie Murphy wa kwenye kanda alikuwa anaongea haraka kweli

Swali la msomaji wa Tanga:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nyumbani tulikua na deki ya video ambayo mzee alirudi nayo kutoka Muscat, pamoja na kasha la kanda. Coming to America, Trading Places, Ghostbusters, Police Academy, na ile ya jamaa wa Kalahari aliyeokota chupa ya soda, zote tulizijua kwa moyo. Sasa nimezipata upya, safi kabisa, niangalie na wanangu wa miaka 9 na 14. Lakini kuna kitu hakipo. Sauti zimekuwa nzito, picha inakokota, nyuso zinang'aa kama tamthilia za mchana, maneno ya chini yanaachana na mazungumzo. Sicheki, na watoto wananikodolea macho tu. Nimezeeka mimi au zimeharibiwa? Na zile kanda, nizitupe?"

Jibu:

Ndugu yangu, hujazeeka kiasi hicho. Katika mambo manne uliyotaja, mawili yana dawa, na mawili si ugonjwa.

Yasiyo ugonjwa ni sauti nzito na picha kukokota. Sinema hupigwa kwa fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde. Televisheni za kwetu, za Oman na za Uingereza zilifuata mfumo wa PAL, unaoonyesha fremu 25. Waliokuwa wakihamisha filamu kwenda kwenye kanda hawakuhangaika na ile fremu moja iliyopungua; waliiendesha filamu nzima kwa fremu 25, yakaisha. Kwa hiyo kila kitu kilikwenda haraka zaidi kwa asilimia 4 na ushei, na sauti zikapanda. Kwenye kinanda, kupanda huko hakufiki kitufe kinachofuata, ila kunakikaribia: kama sehemu saba kati ya kumi za nusu toni. Mgeni hawezi kushtuka. Lakini Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, na kanda moja ilichezwa mpaka rangi ikachuja. Aliyekisikia kicheko cha Eddie Murphy, nyota wa Coming to America na Trading Places, mara hamsini kwa sauti ya PAL, akiletewa chenyewe, lazima aone mtu kapoozwa.

Maana yake ni kwamba uliyoizoea ndiyo iliyoharakishwa, na hii unayoiona inakokota ndiyo iliyotoka mkononi mwa mhariri. Unaweza kuhakikisha kwa saa tu. Coming to America (1988) ina dakika 117. Kwenye kanda yako ilikwisha kwenye dakika ya 112. Trading Places (1983) ni 116, kwenye kanda 111. Ghostbusters (1984) ni 105, kwenye kanda 101. Ukikuta nakala ya leo ina zile dakika pungufu, usikimbilie kusema imekatwa. Zidisha muda kamili kwa 0.96, jibu likilingana, hiyo imetokana na DVD ya PAL, na hakuna tukio lililopotea. Lisipolingana, hapo ndipo kuna mkasi umepita.

Ushauri wangu ni kuyapa masikio dakika ishirini na kasi ya asili. Vichekesho hivi vilipimwa kwa pumzi: mtu anatamka, wengine wananyamaza, ndipo kicheko kinakuja. Ukikata asilimia 4 ya ukimya hupotezi mengi, lakini hupati kitu pia. Kama bado unataka ladha ya kanda, programu ya VLC ya kompyuta itakupa: kwenye mipangilio ya sauti ondoa alama kwenye Enable Time-Stretching audio, kisha weka kasi 1.04. Bila kuiondoa hiyo alama picha itakimbia ila sauti itabaki nzito, nawe utasema dawa haifanyi kazi.

Nyuso kung'aa kama tamthilia ni kosa la televisheni yako mpya. Ikipokea fremu 24, inabuni nyingine za katikati kwa kukisia, ili mwendo uteleze. Mpira unapendeza hivyo. Sinema inageuka kama kitu kilichorekodiwa studio jana. Samsung hukiita Auto Motion Plus, na kwenye zile za karibuni kimo ndani ya Picture Clarity. LG ni TruMotion. Sony ni Motionflow. Ingia kwenye mipangilio ya picha, kizime. Kama kuna chaguo la Filmmaker Mode, chagua hilo na mengi yatajizima yenyewe. Wengi wanakwama hapa: televisheni nyingi hukumbuka mipangilio kwa kila tundu peke yake. Ukizima kwenye HDMI 1 halafu ukachomeka flashi kwenye USB, tatizo linarudi. Zima ukiwa filamu yenyewe inacheza, kupitia njia ileile utakayoitumia.

Filamu inayoumia zaidi kwa hilo ni hiyo ya chupa, The Gods Must Be Crazy (1980) ya Jamie Uys. Vituko vyake vingi vimepigwa kwa fremu chache kuliko kawaida, hivyo vinapoonyeshwa watu wanakwenda mbiombio kama kwenye sinema bubu za kale. Angalia pale yule mtafiti anapong'ang'ana na Land Rover yake mbovu, mpaka winchi inalivuta gari lote juu ya mti. Kule kurukaruka ndiko kichekesho chenyewe. Televisheni ikianza kupiga pasi mwendo huo, gari linapanda mtini kwa ulaini kama lifti, na huo si utani tena.

Sasa upana wa picha, ambao hukuuliza lakini unakuhusu. Televisheni ya mzee ilikuwa ya 4:3, karibu mraba. Ghostbusters ilipigwa kwa upana wa 2.39 kwa 1. Ili ijae kwenye kioo kile, asilimia 44 ya picha ilitupwa, na mtu wa studio alikuwa akichagua kipande cha kuonyesha, mara kushoto, mara kulia. Filamu yenyewe ni ya wanaume wanne waliosimama safu moja, kila mmoja na uso wake wa kushangaa. Kwenye kanda, mara nyingi uliona wawili. Leo unawaona wote, ila kwa michirizi myeusi juu na chini, na picha inaonekana imesinyaa. Usibonyeze Zoom kwenye rimoti ili kuiondoa. Utakuwa unairudisha filamu kwenye kasha la mzee.

Filamu za upana wa 1.85 kwa 1, kama zile mbili za Murphy, ni kesi tofauti. Nyingine zilikatwa pembeni kwa asilimia 28. Nyingine zilifunguliwa juu na chini, kwa hiyo kanda ilionyesha hata kile ambacho sinema ingekificha, ikiwemo maikrofoni inayoning'inia juu ya kichwa cha mtu. Watu wengi wanaapa kwamba zamani waliona maikrofoni na sasa haipo, wanadhani imefutwa kwa kompyuta. Haikufutwa, imerudi nje ya fremu, mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Pima kwenye Coming to America. Kuna familia iliyotajirika kwa mafuta ya nywele ya Soul Glo. Wageni hao wamekaa kwenye kochi, wakiinuka tu, kwenye kitambaa nyuma yao yanabaki madoa ya mafuta, kila kichwa na doa lake. Hakuna anayesema neno. Mwongozaji, John Landis, hakusogezi karibu uone. Anakuachia ukute mwenyewe. Kama kingo za picha zimeliwa, au jicho limezoea kuvutwa na kamera, kichekesho kinapita hukioni. Kwa hiyo hakikisha ukubwa wa picha kwenye televisheni uko kwenye Screen Fit, Just Scan au Original, maana mpangilio wa kiwandani mara nyingi humeza ukingo kidogo pande zote. Kwenye VLC, kitufe A kinazungusha vipimo vya picha mpaka nyuso ziwe za binadamu, si za chapati.

Kwa sauti kuna la ziada. Nakala mpya huja na sauti ya spika sita. Televisheni bapa ina spika mbili ndogo zinazotazama chini, na ikiyakusanya hayo yote, muziki unapanda na maneno yanazama. Kwenye orodha ya sauti tafuta ya stereo au mono ya asili. Kama haipo, weka kifaa kitoe PCM (sauti isiyobanwa) ya chaneli mbili. Mazungumzo yatarudi mbele.

Maneno ya chini kuachana na mazungumzo ni ndugu wa lile la kwanza. Faili la maandishi limeandaliwa kwa nakala ya fremu 25, filamu yako ni ya 24. Dakika ya kwanza yanaendana; ikifika saa moja yameachana kwa dakika mbili na nusu hivi, na mtoto anasoma jibu la utani kabla ya swali. Vitufe G na H vya VLC vinasogeza maandishi mbele au nyuma, lakini vinasogeza yote kwa kiasi kilekile, kwa hiyo ukirekebisha hapa yataharibika tena baada ya dakika kumi. Fungua faili kwenye programu ya Subtitle Edit, chagua kubadilisha fremu kutoka 25 kwenda 23.976 (ndiyo ile 24 kwa vipimo vya video), hifadhi. Imekwisha. Ukiona yanachelewa badala ya kuwahi, fanya kinyume.

Tukimaliza mitambo, tuje kwenye watoto, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usiziamini kumbukumbu zako za umri, wala herufi zilizo kwenye kasha. Marekani walianzisha daraja la PG-13, linaloonya wazazi wa walio chini ya miaka 13, tarehe 1 Julai 1984. Kabla ya hapo kulikuwa na PG (mzazi aongoze) halafu moja kwa moja R (mtoto asiingie bila mtu mzima), na mengi yalipenya kwenye PG. Ghostbusters ilitoka wiki tatu hivi kabla, ina PG na mzimu unaomfungulia mtu suruali. Airplane! (1980) ni PG na ina kifua wazi kinachopita ghafla mbele ya kamera. Coming to America ni R, na dakika za mwanzo tu kuna wahudumu wa kike wakimwogesha mwana wa mfalme. Sisi tulizoea mzee akikohoa na kubonyeza kitufe cha kupeleka mbele. Police Academy ya kwanza (1984) ni R. Ya pili PG-13. Kuanzia ya tatu ni PG. Kwa hiyo kwa huyo wa miaka 9, mfululizo huo uanzie kwa wa tatu, na wala hatakosa kitu. Atakachokipenda ni Michael Winslow anayetoa milio ya risasi na mashine kwa mdomo, na huyo yumo kwenye zote.

Trading Places mwekee yule wa miaka 14 peke yake, na umwandae kwa mambo mawili. La kwanza, ndani ya treni Dan Aykroyd anajipaka rangi nyeusi na kuigiza Mjamaika. Hakuna namna ya kulieleza likawa zuri. Mwambie tu kwamba 1983 studio kubwa zilikuwa bado zinaona hivyo ni utani, wakati filamu hiyohiyo inawasuta matajiri wawili wabaguzi. La pili ni mwisho wake, ambao watu wazima wengi hushangilia bila kuelewa. Soko lile linauza mikataba ya juisi ya machungwa itakayopatikana baadaye. Wale matajiri wawili, ambao ni wazee, wana ripoti ya kughushi isemayo mavuno yameharibika, wananunua kwa pupa, bei inapaa. Mashujaa wetu wanauza bei ikiwa juu, wanauza mzigo ambao hawana. Ripoti ya kweli inasomwa: mavuno ni salama. Bei inaporomoka, nao wananunua kwa bei ya kutupa ili watimize walichoahidi. Faida ni tofauti ya bei mbili. Mweleze hivyo kabla, kwa dakika moja, na kelele zote za sokoni zitakuwa na maana. Mwongezee kwamba Marekani ilikuja kupiga marufuku kufanya biashara ya namna hiyo kwa taarifa za serikali zilizoibwa, katika sheria ya mwaka 2010, na kifungu hicho watu wanakiita kanuni ya Eddie Murphy.

Na mwoneshe pale wale wazee wanapomfafanulia Murphy kwamba nyama ya nguruwe ndiyo ile anayoweza kuikuta kwenye sandwichi. Anageuza macho taratibu, anakutazama wewe moja kwa moja kwenye kamera. Kichekesho kizima ni hayo macho. Ukiielewa sekunde ile, umeuelewa ucheshi wake wote wa miaka hiyo.

Ya chupa ya Coca-Cola inawafaa wote wawili, lakini isikae bila maneno. Msimulizi anadai watu wa N!xau, yule mwigizaji anayeokota chupa, hawajui kabisa kwamba kuna dunia nyingine. Huo ni uzushi wa hadithi: wakati ule wengi wa watu wake, Wasan wa Namibia, walikuwa wameshakusanywa kwenye makazi ya serikali ya Afrika Kusini iliyoitawala nchi hiyo. Filamu ni ya mwongozaji wa Afrika Kusini, enzi za ubaguzi, na ubaguzi wenyewe hauonekani mahali popote ndani yake. N!xau, aliyefariki 2003, anabaki kuwa mchekeshaji bora kuliko wote waliomo, na hilo hakuna msimulizi anayeweza kulifuta.

Kama watoto wamenuna baada ya jaribio la kwanza, usiendelee na utani wa maneno. Airplane! isubiri, kwa sababu nusu ya ucheshi wake ni Kiingereza kuchezewa matamshi, na nusu ni kejeli kwa filamu za ajali za ndege ambazo hawajaziona. Anza na mwili. Project A (1983) na Police Story (1985) za Jackie Chan hazihitaji lugha wala enzi. Kwenye ya kwanza anaanguka kutoka mnara wa saa, akipasua vitambaa vya kivuli mpaka chini, na mwishoni unaonyeshwa majaribio yaliyoharibika. Midomo kutolingana na sauti isikusumbue. Hong Kong ya wakati ule ilikuwa ikipiga picha kwanza na kutia sauti baadaye, hata Kikantoni chenyewe kimebandikwa.

Na kwa kuwa uko Tanga, ambako picha la Kihindi halihitaji utambulisho, ongeza Jaane Bhi Do Yaaro (1983) ya Kundan Shah. Ilisafishwa na kurudishwa kumbini 2012, kwa hiyo tafuta nakala ya tangu hapo. Wapiga picha wawili masikini wanabeba maiti ya kamishna wa manispaa mla rushwa mpaka wanajikuta jukwaani katikati ya mchezo wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, na maiti imevishwa nguo za malkia Draupadi. Ni moja ya vipande vya kuchekesha vilivyopangwa vizuri zaidi katika sinema ya muongo ule, na mtoto wa miaka 9 atakielewa bila kusoma hata neno moja. Mwisho wake ni mchungu, ujue hilo.

Kuhusu kanda: kwa mnunuzi hazina thamani, ila usizitupe kabla ya kuzikagua. Shika kila moja kwenye mwanga, tazama kupitia dirisha lake. Ukiona unga mweupe au wa kijivu kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu, na pwani ndiko nyumbani kwake. Usiitie kwenye deki nzima. Itachafua vichwa vinavyosoma utepe, navyo vitaambukiza kanda zote zinazofuata. Itenge. Zilizo safi zipeleke mbele mpaka mwisho na kuzirudisha kabla ya kuzicheza, ili utepe uliogandamana uachie. Vichwa vya deki visafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa laini cha ngozi, ukizungusha ngoma polepole kwa mkono na kitambaa kikiwa kimetulia. Usisugue juu na chini, na usitumie pamba za masikio: nyuzi zake hunasa, na kichwa kikivunjika hakiungwi. Picha ikiwa inang'aa na kufifia kwa zamu, usilaumu deki. Hiyo ni Macrovision, kinga ya kuzuia kunakili iliyoanza 1985, na inakuambia kwamba mtu alinakili kanda ya dukani.

Ukihamisha kwenda kwenye kompyuta, rekodi kwa 720 kwa 576, fremu 25. Kama kilichomo ni filamu, usiruhusu programu "iondoe mistari" (deinterlace). Fremu zake ni kamili tayari na utapoteza ukali wa picha bure. Kama ni kitu kilichopigwa kwa kamera ya video, hapo mistari ipo kweli na lazima iondolewe.

Na cheza kila kanda mpaka mwisho. Kanda iliyoandikwa E-180 ina saa tatu. Coming to America ya PAL inachukua dakika 112, kwa hiyo inabaki zaidi ya saa nzima, na watu wa miaka ile hawakuacha saa nzima ikae tupu. Baada ya majina ya wahusika kwisha subiri zile chenga, usibonyeze kusimamisha. Ikitokea sebule ya mzee, harusi ya shangazi au kikundi cha taarab, hicho ndicho cha kuhamisha kwanza, kabla deki haijafa.